Mlango wa Karakana

Siku ile tulikuwa tukitengeneza breki za behewa la mizigo. Fundi Kasongo, aliyenifundisha kazi, alinung'unika kwamba grisi niliyopaka ingetosha mabehewa matatu. Karakana yetu ya reli ilikuwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na vita tulikuwa tukivisikia redioni tu.

Saa sita mchana Kasongo alikwenda nyumbani kula. Saa saba risasi zikaanza kulia sokoni.

Watu wakakimbilia karakana, wengi wao kina mama wenye watoto. Nikafunga mlango wa chuma, nikasukuma komeo.

Askari wakapita nje. Buti zao zikafifia.

Kisha mtu akagonga, akaniita kwa jina.

"Amani, ni mimi. Fungua."

Ilikuwa sauti ya Kasongo; ni mimi peke yangu niliyeitambua. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Mama mmoja akanitazama, akatikisa kichwa.

Sikufungua.

Buti zikarudi. Ukasikika mlio mmoja wa risasi, kisha kitu kikiburutwa.

Tulipotoka kesho yake hapakuwa na mwili, damu tu kwenye kokoto. Mkewe, Mama Sifa, akaniuliza kama nilimwona mumewe. Nikamjibu kwamba tangu aende kula sikumwona tena.

Mwaka 2018 nilikuwa naishi Marekani, katika mji wa Euless, Texas, nikipakia mizigo uwanja wa ndege. Jirani yangu Wanjiru, nesi kutoka Kenya, alipenda kupiga picha majengo yaliyoachwa. Jumamosi moja akaniambia, "Nina-drive kwenda Fort Worth, hapo jirani. Kuna karakana ya treni ya zamani huko, imebaki gofu. Si twende?"

Paa lilikuwa limeanguka na miti imeota katikati ya reli. Wanjiru akasukuma mlango wenye kutu, akaingia. Mimi nilibaki nje. Alipotoka alinikuta nimekaa chini, nikamwambia yote. Hakuna aliyewahi kuyasikia kabla yake.

"Huyo mke wake yuko hai?" akauliza.

"Yuko."

"Basi si mimi wa kuambiwa."

Kesho yake nikampigia simu Mama Sifa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Waliokuwa ndani walipona?"

"Wote."

"Kwa mlango sikulaumu. Lakini ulinyamaza juu ya nini? Watu walisema walimwona akipanda boti. Nimelea watoto nikiwaambia baba yao alitutoroka. Jina lake halitajwi humu ndani."

Miaka yote nilijiambia kwamba nilimwepusha na uchungu. Kumbe nilijiepusha mwenyewe na macho yake, na marehemu akabaki mtoro mbele ya wanawe.

Akanitaka niwaambie watoto kwa mdomo wangu. Niliwapigia wote watatu. Wawili walilia. Sifa, mkubwa wao, hakulia. Alisema amemchukia baba yake karibu miaka ishirini, na hajui chuki hiyo sasa aipeleke wapi.

Hakunitukana. Alinishukuru kwa kupiga simu, akakata.