Barafu ya Daktari Fidelis

Fidelis hakusomea udaktari. Ni afisa mifugo tu, lakini kuanzia Bigwa mpaka vijiji vya milimani juu ya Mkuyuni kila mtu humwita daktari, naye aliacha kukataa zamani. Ana pikipiki, ana sanduku la barafu lililofungwa nyuma kwa mpira, na ana mdomo usiochoka. Kwa miaka kumi na tisa amepita nyumba kwa nyumba akisema yale yale. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, na paka vilevile, maana paka naye hupata kichaa cha mbwa. Paka asipewe hata kipande cha kidonge cha maumivu cha binadamu, kitamuua. Mtu akiumwa na mbwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Pilipili na tumbaku wanazopaka kidondani abaki nazo jikoni. Mwanzoni walimcheka, mtu mzima na suruali yake ya kupigwa pasi anahangaika na mbwa. Baadaye wakamzoea, kisha wakamwamini, na huko kuaminiwa ndiko kulikomponza.

Mwaka ule masika yalikuja na hasira. Fidelis aliondoka mjini asubuhi na barafu ya kutosha siku moja, kwenda kuchanja mbwa wa kijiji kimoja cha juu. Njiani daraja la magogo lilikuwa limesombwa. Akasubiri maji yapungue, akasukuma pikipiki kwenye tope, akafika jua limeshazama na kulala hukohuko. Asubuhi alipofungua sanduku, barafu ilikuwa imekwisha. Chupa za chanjo zilikuwa zinaelea kwenye maji ya vuguvugu.

Kanuni anaijua, na amewafundisha vijana wengi. Chanjo ikipata joto hutupwa, hakuna mjadala. Ubaya wake ni kwamba haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Unaishika mkononi inaonekana nzima, nayo labda imeshakufa.

Alipotoka nje aliwakuta. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa mbwa arobaini na moja, wamefungwa kwa kamba za katani na vipande vya khanga, na majina yao ya kuwasuta majirani: Sina Habari, Kazi Kwao, Mtajiju. Hao ndio wanaolinda kabichi na njegere dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Wenyewe walikuwa wametembea nao tangu alfajiri, wengine kutoka ng'ambo ya bonde. Mbele kabisa alisimama mzee Alois, katekista, ameshika mbwa wake mwekundu aitwaye Watasema. Jumapili mbili mfululizo Alois aliwatangazia watu baada ya misa kwamba daktari anakuja, na asiyeleta mbwa wake asije kulia.

"Shikamoo mzee," alisema Fidelis.

"Marahaba, daktari. Nimekukusanyia watu. Usiniangushe."

Fidelis aliwatazama watu wale na miguu yao yenye tope. Akiwarudisha hawatakuja tena, hilo alikuwa na hakika nalo. Akajiambia kwamba huku juu kuna baridi, kwamba dawa hizi siku hizi ni imara, kwamba usiku mmoja si kitu. Akavuta sindano. Mpaka saa sita mchana mbwa wote arobaini na moja walikuwa wamechomwa, na kila mmoja amefungwa ukanda mwekundu shingoni wa kuonyesha kwamba amechanjwa. Mama Anastasia, mke wa Alois, akampikia ugali na kunde. Alikula, akasifu, akashuka.

Alikusudia kurudi na chanjo mpya. Lakini ili apewe nyingine ilibidi ajaze karatasi ya kueleza ile ya kwanza imepatwa na nini, na kila alipoikaribia ile karatasi alikumbuka ana kazi nyingine. Wiki zikapita. Hakuna aliyelalamika, na mtu akishakosa kulalamikiwa huona kama kosa nalo limekwisha.

Mwezi wa sita walikutana soko la Mkuyuni. Alois alikuwa ameshusha karoti. Kwenye mkono wake wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada, Fidelis aliona kovu jipya lenye alama za meno.

"Watasema huyo," Alois alisema akicheka. "Siku hiyo alikuwa amenuna, hataki kula, nikamshika nimtazame mdomoni, akaniuma. Siku ya tatu akatorokea msituni, hajarudi mpaka leo. Zahanati waliniuliza kama amechanjwa. Nikawaambia ana ukanda wa daktari Fidelis, wakanifunga kidonda, wakasema nimwangalie mbwa siku kumi. Nimwangalie wapi, naye hayupo?"

Fidelis aliushika ule mkono akautazama. "Nenda hospitali ya mjini, mzee. Uwaambie mbwa amepotea. Wakuchome sindano hata hivyo."

"Nauli yote hiyo ya nini? Si ulimchanja?"

Pembeni muuza vitunguu alikuwa anasikiliza, na nyuma yake wanakijiji wengine wawili ambao mbwa wao pia walikuwa uwanjani siku ile. Ilikuwa sekunde moja tu. Kusema kweli ni maneno machache, hata pumzi hayamalizi.

"Ndiyo," alisema Fidelis. "Nilimchanja. Lakini ni tahadhari tu."

"Basi," alisema Alois, na akamjazia karoti kwenye mfuko wa nailoni, bure.

Mwezi wa nane ujumbe ulimfikia Bigwa: katekista anaumwa, mkono unawaka moto na maji hayapiti kooni. Fidelis hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alipanda mlima bila sanduku, maana sanduku halikuwa na kazi tena hapo. Alimkuta Alois kitandani mchana kweupe na madirisha yamefungwa, kwa sababu hata upepo ulikuwa unamkaba. Mama Anastasia alisogeza kikombe cha uji, na mzee yule mpole akakisukuma akitetemeka, kisha akaomba radhi. Akili yake ilikuwa timamu, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alimtazama Fidelis akasema, "Daktari umekuja," kwa furaha kabisa. Siku ya tatu alifariki.

Msibani walimshukuru kwa kuja. Wakasema huenda Watasema aliumwa na mnyama mkali mno, ndiyo maana hata chanjo ilishindwa. Fidelis aliinamisha kichwa wakadhani ni majonzi. Kweli yalikuwa majonzi, ila hayakuwa hayo waliyodhani.

Aliandika ile karatasi wiki iliyofuata, yote, mpaka neno la sokoni. Akapewa barua ya onyo na chanjo mpya, akapanda tena. Safari hii alianzia kwa mama Anastasia kabla hajafika uwanjani. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na kando yake mtoto wa mbwa amefungwa mguu wa benchi. Fidelis alimweleza akiwa amesimama. Barafu, maji ya vuguvugu, uwanja uliojaa, soko. Hakujitetea kwa chochote.

Mama aliendelea kuchambua maharage mpaka ungo ukabaki safi.

"Alirudi jioni ile akaniambia amekuuliza," alisema hatimaye. "Mimi ndiye nilitaka aende mjini. Nauli nilikuwa nimeshamtolea. Akasema, mama, daktari mwenyewe amesema ndiyo."

Fidelis alitamani mama amtukane, amfukuze, amwitie watu. Mama hakufanya hivyo. Aliinuka, akamfungua mtoto wa mbwa, akamkumbatia kifuani.

"Leo barafu ipo?"

"Ipo, mama."

"Fungua."

Akafungua. Mama Anastasia akatumbukiza mkono wake wote kati ya vipande vya barafu na kuuacha humo. Aliuacha muda mrefu, mpaka vidole vikafa ganzi, macho yake hayamtazami Fidelis bali ukuta. Kisha akautoa, akaupangusa kwenye khanga.

"Mchanje."

Akamchanja, kisha wakashuka pamoja mpaka uwanja wa kanisa. Watu walikuwa wameshapanga foleni na mbwa wao. Fidelis alisubiri mama awaambie kosa lake. Mama Anastasia alisimama mbele yao na mtoto wake wa mbwa begani, akasema jambo moja tu: "Kabla hajawachomea mbwa, kila mtu atie mkono aone kama kuna barafu."

Hawakuuliza kwa nini. Walipita mmoja mmoja, wazee kwa vijana, wakitia mikono yao, na daktari Fidelis akasimama ameshikilia kifuniko mpaka wa mwisho.