Ngolo za Mkono wa Kushoto

Harufu ya majani yanayooza chini ya udongo mbichi ikinipata popote, hata kwenye bustani ya ofisi, lazima nigeuke kuangalia nani yuko nyuma yangu. Kwetu Umatengoni, juu kule Mbinga, tunalima ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga mteremkoni yakatizane kama miraba ya daftari la hesabu. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo huo, hata likabaki shimo lenye matuta pande zote. Maharage humea juu ya tuta, maji ya mvua hutulia shimoni. Bibi yangu Dafrosa, mama yake baba, alilima kwa mkono wa kushoto, na alama za jembe lake zililalia upande tofauti na za wanawake wote. Ungeweza kupita njiani ukasema, hizi ni za Dafrosa, bila kumwona mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa maneno, jamani! Akiteremka Mbamba Bay kununua usipa, alirudi ananuka samaki wakavu na kucheka peke yake kwa jinsi alivyobishana na wauzaji. Aliyemsema kwa mkono wake alijibiwa papo hapo: "Mungu kanipa mikono miwili, hakuniambia huu wa kazi na huu wa mapambo."

Mimi nilimrithi mkono huo, na ndio uliovunja nyumba yetu. Mama alikuwa akiufunga kwa kitambaa, nile na kuandika kwa mkono wa kulia, na bibi alikuwa akinifungua kila alipoweza. Siku moja walikabiliana jikoni nikiwa katikati yao na kijiko mkononi. "Mama Oresta, mtoto si mbuzi wa kufungwa kamba," bibi alisema. Mama akajibu, "Mtoto ni wangu, mama. Akichekwa huko kwa watu, atachekwa yeye, si wewe." Tangu siku hiyo mama aliacha kumpa bibi shikamoo. Mkwe kumnyima salamu mama mkwe wake si jambo dogo kwetu. Walipishana uani asubuhi na jioni, kimya, miezi mitatu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la nne.

Masika yaliyofuata bibi alishikwa na kifua, akalala siku mbili, ya tatu akatutoka, na salamu ile hakuipata. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nusu ya shamba lake ilibaki majani yamepangwa, hayajafukiwa, na baba akasema pasiguswe mpaka arobaini ipite. Haikupita hata wiki, zikaonekana ngolo mbili mpya. Kesho yake tatu. Alama za jembe zililalia kushoto. Wanawake wakaacha kupita njia ile. "Amerudi kumaliza kazi yake," walisema, wakijifunga vitenge vyao vizuri zaidi. Mama aliacha kula. Alikaa jikoni akitazama mlango na kusema, "Amenifuata mimi."

Alikuwa ni mimi. Alfajiri nilibeba ndoo kama naenda mtoni, nikapitia shambani ndani ya ukungu, nikalivaa koti kuukuu la bibi nililolificha vichakani, nikajitanda kanga yake kichwani. Nilifungua kitambaa, nikalima. Nilifanya kwa upweke, na kwa hasira pia. Nilipomwona mama anakonda nilifurahi, Mungu anisamehe. Kitu kimoja tu kilinitia baridi. Mtoto wa miaka kumi, jembe la mtu mzima, na sikuchoka. Tena mara mbili nilijikuta nimemaliza mraba nisioukumbuka kuuanza.

Asubuhi moja nikasikia nyasi zinakatika nyuma yangu. Ukungu ulikuwa mzito, mkono wako mwenyewe uliuona kwa taabu. Sikugeuka. Nilijua kwa kikohozi kwamba ni mama, na nilijua akifika karibu ataniona na nitachapwa mpaka nikome. Alisimama hatua chache tu. Nikasikia magoti yake yanagusa udongo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nilikaza jembe. Nikasikia meno yake yanagongana kwa baridi. "Mama, nimekosa. Nilikunyima salamu mpaka umeondoka. Kama umekuja kunichukua, nichukue, lakini niitikie kwanza."

Nani angeweza kunyamaza? Nikafungua mdomo, nikasema, "Marahaba."

Mama alilia kilio ambacho sijakisikia tena, kisha nikasikia miguu yake ikikimbia kuelekea nyumbani. Nilivua koti na kanga, nikajifunga tena kitambaa, nikateka maji, nikarudi kwa njia nyingine. Nilimkuta anakula ugali. Aliponiona alinivuta, akakifungua kitambaa mkononi mwangu, akakitupa motoni, na habari ya mkono wangu ikaishia hapo. Sikurudi tena shambani. Sehemu iliyobaki ilimalizwa na majirani baada ya arobaini.

Siku hizi ninaishi Mbinga mjini, na malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka yananguruma barabarani hata hatusikii jogoo. Wanangu wanaijua ngolo kwa kuiona wakati wa likizo, na huandika kwa mkono wautakao, hakuna anayegombana. Mama ni mzee sasa, yuko nami. Kisa chake cha ukungu huwasimulia wajukuu akichambua maharage, na siku zote hukimalizia pale alipoitikiwa. Majuto ni mjukuu, nami nilichoka kuyabeba. Pasaka iliyopita niliketi kando yake nikiwa nimeazimia kumwambia ukweli. Kwanza nikamwuliza, hivi siku ile bibi alikujibuje hasa?

Mama aliacha kuchambua. "Sijawahi kumwambia mtu," akasema. "Alisema, 'Marahaba, mwanangu. Nenda nyumbani ukale, baridi hii si nzuri kwa huyo uliyembeba.' Na mimba ya mdogo wako nilikuwa sijamwambia hata baba yako."

Nilichukua ungo, nikaendelea kuchambua maharage mimi. Ukweli nilioubeba miaka yote sikumwambia. Mimi nilitamka neno moja tu.