Nyota za Uzi Mjini Gallup

Verna Bitsilly alikuwa amezoea kusimama. Miaka yake ya upishi katika shule moja ya Chinle, kwenye nchi ya Wanavajo huko Marekani, aliipitisha wima mbele ya masufuria, na jioni alisimama tena mbele ya turubai la kuchorea picha. Lakini siku ile mjini Gallup, katika ukumbi wa picha wa Bi Harriet Coyle, miguu yake haikutaka kutulia. Alinyoosha fremu iliyokuwa imenyooka. Akaenda dirishani, akarudi, akainyoosha tena.

Yalikuwa maonyesho yake ya kwanza. Yalipangwa kufunguliwa katikati ya majira ya baridi, ila mtambo wa kupasha joto ukumbini ukaharibika, yakasogezwa hadi Machi. Bi Harriet hakuona tofauti. Verna naye hakuiona, mpaka asubuhi hiyo, alipokuwa njiani peke yake na ngurumo ya kwanza ya mwaka ikabingirika juu ya milima ya Chuska.

Picha kubwa ya ukuta wa mbele ilionyesha mikono ya mama yake mdogo, Despah, ikiwa imetanda uzi vidoleni hadi ukafanya nyota. Mchezo huo wa uzi watu wake, Wanavajo, huucheza wakati wa baridi tu, buibui wakiwa wamelala, kwa kuwa Bibi Buibui wa hadithi zao za kale ndiye aliyewafunza. Ngurumo ya kwanza ikishapiga, buibui huamka, na uzi huwekwa kando hadi baridi irudi. Despah ndiye aliyemlea Verna, naye alikubali kuchorwa kwa sharti moja: mikono yake isicheze nje ya majira, hata pichani.

Na alasiri hiyo Bwana Whitcomb, mnunuzi wa makumbusho ya Santa Fe, alikuwa akija kuitazama picha hiyo, na hiyo tu.

"Bi Harriet," Verna alisema, "ile ya mbele tuitoe."

"Tuitoe? Verna, ndiyo iliyo kwenye kadi za mwaliko! Mtu anasafiri kutoka Santa Fe, aje aone ukuta mtupu?"

Verna aligeukia dirisha. Pikapu ya binamu yake Leland ilikuwa imesimama nje, na Despah alikuwa akishuka taratibu, shali begani, shanga za feruzi shingoni.

Leland alitangulia mlangoni. "Binamu! Mbona umekauka hivyo? Au wasanii hawali?"

Verna alimvuta pembeni. "Huko kwenu Ganado mmesikia ngurumo?"

"Tumesikia tumbo la mama yako mdogo. Limenguruma njia nzima, mpaka nikamnunulia mkate wa kukaanga."

"Acha utani. Mimi nimeisikia asubuhi."

Uso wa Leland ukabadilika kidogo. "Uliisikia peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi yameze maneno hayo. Tena picha ni picha, haichezi. Siku kama ya leo itakurudia lini?"

Despah alikuwa ameshafika mbele ya picha. Aliitazama kwa kichwa kilichoinama upande, kisha akacheka. "Vidole vinene hivi ni vyangu? Umenilisha nini, mwanangu?" Akatoa uzi mfukoni, akamwita Bi Harriet. "Njoo, binti, nikuonyeshe nyota zinavyopatikana. Baridi bado ipo, tuna ruhusa."

Uzi ukazunguka kidole gumba cha kwanza. Kupitia dirishani Verna aliona gari jeusi likiegeshwa, na mwanamume mwenye koti refu akifunga mlango wake. Leland alimkazia Verna macho, akatikisa kichwa.

"Mama mdogo," Verna alisema. "Usicheze. Imeshanguruma. Leo asubuhi, kule Chuska."

Despah akasimamisha vidole, uzi ukining'inia. "Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Nilikuwa naogopa."

"Mimi au yule anayeingia?"

"Wote wawili."

Despah aliukunja uzi, akaurudisha mfukoni. Akavua shali lake, akampa Verna, naye Verna akapanda kiti na kuifunika picha yote. Bwana Whitcomb aliwakuta hivyo, mmoja kitini na mwingine akimshikia miguu asianguke.

"Ndiyo ile?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Verna. "Haionekani tena hadi theluji ya kwanza."

"Mimi ninaondoka kesho, Bibi. Na fedha za makumbusho za mwaka huu zinagawanywa kabla ya kiangazi."

"Naelewa."

Bwana Whitcomb alingoja kidogo, labda akidhani kwamba shali lingeondolewa. Kisha akamuaga Bi Harriet, ambaye alikuwa ameketi na kufumba macho. Verna alilisikia gari likiwashwa, likarudi nyuma, likaenda.

"Teremka," Despah alisema, "unionyeshe hizo nyingine. Na huyu kondoo hapa, mwanangu, mbona umemchora miguu kama ya mbuzi?"