Sauti Niliyomtolea Nyamizi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika banda la video la Misunkumilo, nilitapika nyuma ya spika kabla filamu haijaanza. Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri: unashika maiki, unapunguza sauti ya Kizungu, unawasemea wahusika wote kwa Kiswahili. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada. Neno moja likinitoka vibaya, sikuweza kula hadi kesho yake.

Mwenye banda tulimwita Mkurugenzi. Alinifundisha kubatiza, yaani kuwapa wahusika majina ya kwetu ili watazamaji wasiwachanganye. Niliponyamaza kidogo alinikemea.

"We binti, ukinyamaza watu wanadhani spika imeungua!"

"Lakini Mkurugenzi, hata yule kwenye filamu amenyamaza."

"Yule hana maiki. Wewe unayo."

Mimi nilipenda filamu za hofu ya kichwani. Hazina jini wala damu. Ni mtu na mawazo yake, mpaka unaanza kuogopa kikombe cha chai. Watu walitoka wamenuna, wakaapa hawarudi, na kesho yake wakawahi viti. Sikujua wanafuata nini. Nilidhani ni ustadi wangu.

Mwaka wa tatu Mkurugenzi alinihamishia Sibwesa, kwenye banda jipya. Asubuhi ya kwanza nilisikia mtu njiani akisalimia, "Mama Nyamizi, za kuamka?" Jina likanikaa mdomoni. Mchana tulionyesha filamu ya mama anayemsikia binti yake aliyekufa akimwita kutoka chumba cha pili. Nikambatiza binti Nyamizi. Sauti yake nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki nzima, nyembamba, ya mtoto mwenye kiu.

"Mama. Ni mimi, Nyamizi. Mbona umefunga mlango?"

"Abee, mwanangu!"

Jibu halikutoka kwangu. Katikati ya watazamaji mwanamke alikuwa amesimama, kitenge kimemwanguka, ameikazia macho spika. Hakuna aliyecheka.

"Jamani, zima hicho kitu," mzee mmoja akasema taratibu. "Huyu mama kamzika Nyamizi wake juzi tu, wakati wa mavuno."

Nilizima. Kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe hata mtoto akishaondoka. Nalijua hilo tangu utotoni, na sikuwaza.

Kesho yake nilikwenda kwake kuomba msamaha, maneno nimeyaandika kwenye karatasi. Hakuniacha nimalize.

"Niite tena."

"Mama, yule si mwanao. Ni mimi."

"Najua ni wewe, sijachanganyikiwa. Niite vilevile."

Nikamwita. Jua lilikuwa kali, kuku wanaparura uani. Akaitika, analia na kutabasamu kwa pamoja. Kilichonishtua hakikuwa yeye. Sauti ilikuwa imetoka safi kuliko siku zote, nami nikafurahi.

Siku hiyohiyo nilirudisha maiki.

"Unastaafu na miaka ishirini na sita?" Mkurugenzi aliuliza, akacheka peke yake.

Nyie mnaoanza kazi hii mnaniuliza kama nimeikumbuka. Mama Nyamizi amenitumia watu mara mbili niende kumwita tena. Sijaenda. Ila nikiwa peke yangu nasonga ugali, najikuta ninaijaribu ile sauti, na kila mara naona bado ina kasoro.