Mawaridi ya Jumatano

Kazi yangu hapa London ni kukataa maua. Ukiniuliza kwenye sherehe nitakwambia niko kwenye ukaguzi wa ubora, maana hivyo inasikika vizuri zaidi, lakini ukweli ndio huo. Nasimama kwenye ghala la baridi kule Hayes, karibu na uwanja wa ndege, nimevaa soksi mbili mbili na koti linalonifanya nionekane kama godoro. Maboksi yanaletwa, nayafungua, na ua lenye doa linaenda kwenye pipa. Mengi ya mawaridi hayo yanatoka Naivasha, kwetu Kenya.

Dada yangu mkubwa ni mmoja wa wanaoyafunga huko. Kila fungu hutoka na lebo yenye tarehe na namba ya aliyelifunga, na namba yake ni 218. Katika miaka sita nilikuwa nimekutana na namba hiyo mara nne tu, kwa sababu maboksi ni mengi na wafungaji ni wengi. Kila mara nilimpigia simu wakati wa mapumziko nikamwambia, "Leo nimekushika mkono." Naye hujibu, "Basi usiniminye, mimi ni mwororo." Ni mtu wa mzaha hata akiumwa jino.

Mwaka jana, baridi ilipoanza huku, ziwa la kwetu likapanda. Lilikuwa likipanda kidogo kidogo kwa miaka, maana mvua za siku hizi si zile tulizokua nazo, lakini safari hii liliingia mtaani moja kwa moja. Watu wakanitumia video. Nilizitazama jikoni, mwiko mkononi, mpaka ugali ukaungua. Barabara niliyopita nikienda shule ilikuwa maji matupu, na kiboko alikuwa akipita taratibu kati ya mageti ya watu kama landilodi anayekagua nyumba zake. Mwanzoni sikuogopa, nilishangaa tu. Mungu anisamehe, yalikuwa mazuri maji yale, mapana, yametulia, mbingu yote imo ndani yake na mabati yametokeza juu. Kisha nikalitambua bati moja la buluu, la nyumba aliyopanga dada, nikampigia.

Simu yake ilikuwa imezimwa tangu Jumanne. Jirani niliyempata alisema watu wametolewa kwa mashua, wengine wako kanisani, wengine shuleni, lakini dada na watoto wake yeye hajawaona. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alinikumbatia akaniambia kwa Kiingereza kwamba simu ya mama mkubwa imeisha chaji tu. Nilitaka sana kumwamini.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kazini kwa sababu nyumbani ningevunja vyombo. Na maua yakaja. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kweli. Mtaa mzima umo ndani ya maji, na maboksi yaleyale yameshuka kwenye ndege saa zilezile, lebo zinasema Jumatano. Yaani jana! Jana watu walikuwa wakitolewa madirishani, na mtu fulani alisimama akayapanga mawaridi kwa urefu, akayafunga, akabandika namba yake. Butwaa ikageuka hasira. Ndege zinapita juu ya nyumba yangu mchana kutwa, na joto la moshi wake linakwenda kuwachemshia mvua watu ambao hawajapanda hata ndege moja. Ua linapata nafasi kwenye ndege, aliyelifunga anangoja mashua. Nilisimama hapo nikimlaumu kila mtu, na mimi mwenyewe na mshahara wangu nimo.

Halafu wazo likanijia. Kama dada alikuwa kazini jana, namba yake iko humu ndani.

Msimamizi wetu ni mzee wa Kihindi anayeishi Queensbury. Alizaliwa Nakuru, wazazi wake wakamleta huku akiwa na miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake cha zamani kinamshinda binti yangu kwa mbali. Anapenda sheria kupita kiasi. Ukichelewa dakika mbili kutoka mapumzikoni hakutazami wewe, anatazama saa ya ukutani, na hapo utaona aibu mwenyewe.

"Mzee," nikamwambia, "naomba kufungua maboksi yote ya Naivasha."

"Yote? Mama, una wazimu? Tunafungua moja katika kumi."

Nikamweleza habari za dada. Nikamwonyesha video. Aliitazama mara mbili, kisha akaweka kidole kwenye kioo cha simu.

"Hapa baba yangu alikuwa anaegesha gari Jumapili," akasema. "Halafu tunatembea, tunatembea, mpaka miguu inauma, ndiyo tunaliona ziwa." Akanirudishia simu, akavaa glavu. "Wewe anzia kule. Mimi naanzia huku."

Tulifungua boksi baada ya boksi. Alisoma lebo kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina asubuhi: 407. 133. 290. Miaka sita nilikuwa nimeziona namba hizo kila siku bila kuzifikiria, na sasa kila moja iliyotajwa ilinisisimua mwili, kwa sababu ilikuwa ni mtu. Ni mtu aliyeamka kwenye mafuriko, akapita majini, akafika. Na walikuwa wengi, wengi mno! Nilisahau kwa muda kwamba namtafuta mmoja.

"Mama," mzee akaita. "Njoo."

Boksi lilikuwa kwenye rundo la yaliyotengwa, upande wa chini umelainika kwa maji. Ndani yake mafungu yote yalikuwa ya 218, Jumatano. Kwenye nailoni ya fungu moja palikuwa na alama ya kidole chenye matope. Nilikaa chini kwenye sakafu ile ya baridi nikalia, nikacheka, nikalia tena. Jumatano dada yangu alikuwa hai.

Lakini maua yalikuwa yameharibika. Ukungu wa kijivu ulikuwa umeshaingia kati ya petali, na boksi la namna hiyo hukataliwa lote. Fomu inarudi shambani na namba ya mfungaji, naye anaitwa ofisini kujieleza. Mzee akachukua kalamu. Fomu ina visanduku vitatu vya sababu: mfungaji, usafiri, hifadhi. Hakutia alama hata kimoja. Chini yake akaandika kwa mkono: ziwa. Mahali pa namba akapaacha wazi, mtu ambaye hajawahi kuacha hata tarehe.

"Wakiuliza, waniulize mimi," akasema.

Maua niliyatupa mwenyewe. Hakukuwa na njia nyingine, ukungu ule unaambukiza.

Jumamosi mchana simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mdogo wangu, usianze kulia, simu yenyewe ni ya kuazima."

Walikuwa shuleni, yeye na watoto wote watatu, wanalala darasani. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamgombeza.

"Na Jumatano ukaenda kazini! Dada, una akili kweli?"

"Nyumba imeenda. Na kazi nayo iende?" Akacheka kile kicheko chake. Akaniambia lori halikuweza kufika kwenye mlango wa shamba, lilibaki kule barabara ilikoinuka, kwa hiyo walivusha maboksi kwa kichwa, mmoja nyuma ya mwingine. "La mwisho nililibeba mimi. Maji yako hapa kifuani, na huoni unakokanyaga. Nikateleza kidogo, lakini sikuliachia. Nikasema sisi tumeshalowa, haya yafike makavu, huenda mdogo wangu ndiye atakayeyafungua."

Nikasikia watoto wakipiga kelele nyuma yake, naye akiwanyamazisha.

"Yalifika salama?" akauliza.

"Yalifika, dada," nikasema. "Makavu kabisa."