Gauni Lililozijua Pumzi Zake

Mimi si mtu wa kutoka, wewe unanijua. Sherehe ikinialika, naomba iniletee pilau nyumbani. Ila Jumamosi iliyopita ilikuwa sendoff ya binti wa jirani yetu hapa Moshi, na ukimsusia jirani sendoff, siku ya msiba utazika na wanao tu. Nikaenda, nikakaa karibu na masufuria. Bibi harusi mtarajiwa akaingia na gauni jekundu, mikono mipana begani ikibana kuanzia kiwiko, kifua cha mishono iliyopandana kama magamba ya samaki. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nikaweka sahani chini. Mwenye gauni lile wa kwanza nilimjua.

Nilikulia Guangzhou, miaka ile ambayo kila mwenye pasipoti na moyo mgumu alikimbilia China kununua mali. Mama alinunua nguo za kupeleka nyumbani, nasi tulipanga mtaa wa Sanyuanli, sebule imejaa marobota hadi dirishani. Kazi yangu ilikuwa kuyakalia ili yabonyee, mama ayafunge. Nimezaliwa na kipaji cha kukaa, na mpaka leo sijapata kazi iliyonifaa kuliko ile. Asubuhi zilianza na sauti mbili: selotepu ya mama ikilia kraa, na jirani wa juu akipanda na kushuka na koo lake.

Mama alidhani kuna mtu anapigwa. Akapanda na mwiko kuamulia ugomvi, akafunguliwa na mwanamke mnene wa Kihispania, mwimbaji wa opera, akipuliza mapovu kwenye glasi ya maji kwa mrija. Kumbe ndivyo alivyopasha koo. Tangu hapo wakaitana dada. Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji, lakini maji waliyapata. Siku moja alituletea mayai yaliyokaangwa na viazi, mazito kama mto wa kulalia.

"Kumbe chipsi mayai," mama akasema akitafuna. "Ila hizi zimesoma."

Jikoni kwetu, akila dagaa kwa mkono, alitusimulia maisha yake. Mama yake aliuza samaki katika mji wa pwani, na hapo ndipo alipojifunza kupaza sauti, maana samaki anayenadiwa kwa upole huoza. Kwaya ya kanisa ikampeleka kwenye kwaya ya jumba la opera, akisimama nyuma na mshumaa wa bandia, mpaka mwimbaji mkuu alipougua na yeye akasukumwa mbele. Miaka ikamnyookea: miji, maua, picha magazetini. Halafu simu zikapungua, na alipoitwa kufundisha watoto wa matajiri wapya wa Guangzhou, akaja.

"Mwimbaji hafi kwa mkupuo," alisema. "Huanzia noti za juu."

Kisha hoteli moja ya Barabara ya Huanshi ikamwandalia tamasha, Jumapili mchana. Mkuu wa jumba la opera la kwao alikuwa ziarani na angekuja kusikiliza. Akiridhika, jirani angerudi jukwaani. Akatoa gauni lake jekundu la enzi zake. Fundi wa kwao alificha mikunjo ndani ya mishono ya kifua, ikifunguka akivuta pumzi, ikijifunga akiitoa. "Hili linazijua pumzi zangu," aliniambia, akauweka mkono wangu mbavuni. Ilikuwa kama kugusa mlango unaofunguliwa. Tatizo, zipu ilikuwa imekatika.

"Zipu tu? Lete, dada. Nina watu," mama akasema.

Watu wenyewe walikuwa karakana iliyomshonea mizigo yake. Mama akamwonyesha zipu bosi, laoban kama tulivyowaita mabosi wote. Laoban akasema mei wenti, hakuna shida, na mama akakimbilia lori lililokuwa linamsubiri kwenda bandari ya Nansha. Lakini pale karakanani, nguo iliyoletwa na mwanamke wa Kiafrika siku zote ilikuwa sampuli. Ilipelekwa meza ya sampuli, na wa meza ile haulizi: anafumua, analaza vipande kwenye kadibodi, anapunguza kwa mkasi, anachora.

Jumamosi laoban akatupokea na gauni jipya linalong'aa, uso umejaa furaha. La zamani liko wapi? Akatuonyesha mfuko wa vitambaa. Mama, mwanamke asiyejua kukaa, akakaa sakafuni.

Tukampelekea jirani hilo jipya. Alilivaa, akavuta pumzi. Kifua cha gauni hakikusogea. Mikunjo ya ndani haikuwepo. Sampuli ni ya kutazamwa, si ya kupumulia.

"Vaa langu la kanisani, dada, linapwaya," mama akamsihi.

"Wananijua kwa jekundu."

Basi Jumapili akaimba nalo hotelini. Noti aliyokuwa anaiendea niliijua, maana kupitia dari letu asubuhi nyingine aliifikia, nyingine hakuifikia. Akavuta pumzi, nikaona mbavu zinagonga ukuta. Sauti ikapanda, ikakatika kama uzi. Akainama kwa adabu, kana kwamba wimbo unaishia pale, akatoka. Yule mkuu alipiga makofi huku akitafuta koti lake.

Nyuma ya jukwaa mama alilia. "Nimekuua, dada yangu."

"Nyamaza. Noti ile ilishaondoka. Sasa angalau nina gauni la kulaumu."

Ilikuwa kweli au huruma? Sijui. Mama hakuamini hata siku moja. Jirani akarudi kwao, dari likanyamaza. Mama akamtaka laoban achome zile kadibodi. Laoban akasema mei wenti. Msimu uliofuata, gauni jekundu lilijaa kwenye marobota ya watu wengine. Mama hakununua hata moja.

Mama hayupo tena, na sauti ile haimo popote ila kichwani mwangu, ninapokoroga chai. Kilichobaki ni mikono mipana, kwenye sendoff za watu. Pale Moshi, binti alishika kipaza sauti ashukuru wazazi wake, kilio kikamjia, akatafuta pumzi. Nikatazama kifua cha lile gauni. Hakikusogea.

Nikainuka, mimi wa kukaa, nikapita mbele za watu, nikamshushia zipu kidogo.

"Pumua, mwanangu," nikamnong'oneza. "Hawaoni."