Buti la Kushoto

Tangu walipolipita lango la makumbusho, yule askari mstaafu wa wanyamapori alikuwa akiburuta miguu. Binti yake alidhani ni magoti. "Twende polepole, baba," alisema, akamshika mkono wakakatiza bustani, penye miti mirefu na swala wa shaba waliosimama kwenye nyasi. Safari hii aliipanga binti. Jumatatu angeanza porini kazi ile ile ya baba yake, na gazeti lilikuwa limeandika kwamba daftari la porini la marehemu mchoraji wa wanyama sasa limewekwa hadharani.

Mzee hakuwa na hamu ya kuliona daftari hilo hata kidogo. Kwa miaka thelathini alikuwa akisimulia jinsi nyati alivyowavamia yeye na mchoraji. Jinsi alivyompandisha mwenzake mtini, kisha akasimama chini na kumkazia nyati macho mpaka mnyama akageuka na kwenda zake. Kila mwaka aliitia chumvi hadithi hiyo. Wakwe waliisikia, majirani waliisikia, na hata fundi viatu, ambaye hakuwa ameuliza. Buti la kushoto alilovaa siku ya nyati, kisigino kimefungwa waya, lilitundikwa sebuleni kama kikombe cha ushindi. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyepanda kwanza. Mchoraji alikwea nyuma yake, penseli mdomoni na daftari hilo kwapani.

Na mchoraji yule alikuwa na ugonjwa wake: hakuchora ila alichokiona, kutoka pale pale alipokuwa. Jani likimziba, alichora jani.

Ndani kulinukia nta ya sakafu. Walipita mchoro wa simba, wakapita wa chui, na mzee akazidi kupunguza mwendo.

"Tuanzie kule kwa ndege," alisema.

"Ndege tutawaona tukitoka," binti alijibu akicheka. "Wewe uliyemtisha nyati, leo unaogopa karatasi?"

Aliiogopa kweli. Kati ya watoto wake wote, huyu tu ndiye aliyekuwa bado akimwona shujaa.

Daftari lilikuwa ndani ya kabati la kioo. Nyati alichorwa kutoka juu: mgongo mpana, pembe, vumbi. Binti aliinama, akatafuta kushoto, akatafuta kulia.

"Baba, mbona sikuoni? Uko wapi hapa?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa mzee, kwamba alikuwa nyuma ya kichaka. Lakini binti akamwahi. "Haidhuru. Mimi nimeshaelewa. Ukimkazia macho, anageuka. Mkufunzi wetu chuoni alinibishia, darasa zima likanicheka. Wacha nifike huko, watanitambua."

Hapo hofu ya aibu ikamtoka mzee, ikamwingia nyingine mbaya zaidi. Alimwona mwanawe amesimama wima mbele ya zile pembe, macho ameyakaza, anasubiri. Akamshika bega kwa nguvu mpaka binti akashtuka.

"Tazama pembeni," alisema, akionyesha kwa kidole. "Hapo juu, penye kitu kilichouziba mkia wa nyati."

Kwenye kona ya karatasi lilining'inia buti kubwa, kisigino kimefungwa waya. Binti alikuwa amelipangusa vumbi buti hilo tangu utotoni.

"Nilikuwa mtini, juu ya mchoraji, mwanangu. Nilipanda kwanza, nikamwacha anifuate. Nyati hakugeuzwa na mtu, alichoka kutungoja. Usimkazie macho. Nakuomba, usimkazie."

Binti aligeuka, akaelekea mlangoni. Walipita ndege bila kuwatazama, wakatoka nje, na mzee akamfuata kwa nyuma bila kuthubutu kumwita. Katikati ya bustani binti alisimama chini ya mti, akauangalia kwa muda mrefu.

"Huu ungenibeba?"

Mzee aliukagua. "Tawi lake la kwanza liko juu mno. Ule pale."

Binti aliuendea, akaweka mkoba chini, akavua viatu.

"Haya, baba. Nionyeshe mguu uliuweka wapi."